Sanduku la Kwaresima na Mgeni Mlangoni



Jumapili moja baada ya Misa ya pili, vijana wa parokia yetu walikuwa wameketi chini ya mwembe wakingojea mkutano wao, na simu moja ilikuwa ikipita mkono kwa mkono. Tulipoisogelea tuliona basi likiwaka moto usiku, katika mji wenye taa nyingi na nyumba za matofali, na watu waliofunika nyuso wakishangilia. Ulikuwa mji wa Dublin, mji mkuu wa Irlandi. Kijana mmoja akasema, « Kumbe hata Wakatoliki wa Ulaya hawatutaki. » Mwingine akamjibu upesi, « Na wewe ukijaziwa wageni katika mtaa wako, utafanya nini? » Wengine wakacheka, mkutano ukaanza, na jambo likaachwa pale.

Sisi hatukuweza kuliacha. Maneno yale mawili ndiyo yanayoshindana katika Irlandi yenyewe tangu miaka kadhaa, na kwa maoni yetu yote mawili yana kasoro. La kwanza linahukumu taifa zima kwa basi moja. La pili linaigeuza dhambi kuwa desturi ya kibinadamu isiyohitaji kuungamwa. Tutajaribu kueleza kwa nini tunafikiri hivyo, na kabla ya kumaliza tutasema neno linalotuhusu sisi wenyewe, ambalo kwa kweli tulitamani kulinyamazia.

Video ile ilipigwa usiku wa tarehe 23 Novemba 2023. Mchana wa siku hiyo, nje ya shule moja karibu na Parnell Square, mtu mwenye kisu aliwashambulia watoto wadogo. Watoto 3 walijeruhiwa, mmoja wao msichana wa miaka 5 aliyeumia vibaya sana, pamoja na mwanamke mlezi aliyejitia katikati ili awakinge. Muda mfupi baadaye uvumi ulikwisha kuenea katika simu kwamba mshambuliaji ni mgeni. Mtu aliyekamatwa alikuwa mzaliwa wa Aljeria, aliyeishi Irlandi miaka mingi na kupewa uraia. Jioni watu kwa mamia waliingia katikati ya mji; mabasi, tramu na magari ya polisi yakachomwa, maduka yakavunjwa na kuporwa. Walisema wanawatetea watoto. Viatu vilivyobebwa kutoka madukani usiku ule vilimtetea mtoto gani, hakuna aliyeeleza.

Lakini yapo mambo ambayo video haikuyaonyesha. Kati ya watu waliomzuia mwenye kisu alikuwamo Mbrazili anayepeleka vyakula majumbani kwa pikipiki. Alishuka, akampiga kwa kofia yake ngumu hadi akaanguka. Kijana Mfaransa aliyekuwa Dublin kwa mafunzo ya kazi naye aliingilia. Na mkuu wa serikali wa siku ile, Leo Varadkar, ni mwana wa daktari aliyetoka Uhindi na mama muuguzi Mwirlandi. Basi katika siku moja mzaliwa wa nchi ya kigeni alishika kisu, wageni wakasaidia kumwangusha, na mwana wa mgeni akawa ndiye anayepaswa kurudisha utulivu wa nchi. Anayetaka kujenga hoja juu ya neno « mgeni » peke yake amejenga juu ya mchanga.

Tuwaendee Wairlandi wenyewe, maana hawafahamiki bila historia yao. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1841 kisiwa chao kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi, chakula pekee cha maskini, na kati ya mwaka huo na 1852 watu kiasi cha milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Zaidi ya milioni moja wengine walikimbilia Marekani, Kanada na Uingereza, wakisongamana katika meli ambamo wengi walifia baharini. Wakati huohuo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa bandarini kwenda Uingereza, iliyokuwa ikiwatawala. Tangu hapo kuhama kukawa sehemu ya maisha ya kila jamaa ya Irlandi, kizazi baada ya kizazi. Hata leo, ukijumlisha Jamhuri na sehemu ya kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza, kisiwa kile hakijafikia tena idadi ya watu iliyokuwapo kabla ya njaa. Liwekeni neno hilo akilini, kwa sababu mojawapo ya vilio vikubwa katika maandamano ya siku hizi ni kwamba Irlandi imejaa.

Mtu angetarajia kwamba taifa lililofukuzwa na njaa lingemtambua kwa urahisi aliyefukuzwa na vita. Mara nyingine ndivyo ilivyokuwa. Mwaka huohuo wa 1845, Frederick Douglass, Mweusi aliyetoroka utumwa Marekani, alizunguka Irlandi akihutubia, akashangaa kuona kwamba huko alipokelewa kama mtu bila kuangaliwa rangi. Daniel O'Connell, mtetezi mkuu wa Wakatoliki wa Irlandi, aliuchukia utumwa waziwazi na kuwakemea Wairlandi wa Marekani walioufumbia macho. Lakini Julai 1863, mjini New York, serikali ilipotangaza kuandikisha watu jeshini kwa lazima, na tajiri akaruhusiwa kujikomboa kwa dola 300, maskini walifanya ghasia za siku kadhaa, na wengi wao walikuwa Wairlandi. Sheria ile ilikuwa ya dhuluma. Hasira yao ilikuwa na sababu. Ila hawakuimalizia kwa matajiri. Waliwawinda Weusi barabarani, kwa hofu kwamba watumwa walioachwa huru wangewanyang'anya kazi za bandarini, wakaichoma nyumba ya yatima Weusi, na watoto wakaokolewa kwa shida. Watu zaidi ya 100 walikufa katika siku zile.

Tunaikumbuka habari hiyo kwa sababu sisi makatekista tuna mazoea ya kuhubiri kwamba mateso humfundisha mtu huruma. Hayamfundishi kwa nguvu zake yenyewe. Mtu aweza kutoka katika njaa akiwa na moyo mpana, na mwingine akatoka katika njaa ileile akiwa ameshika fimbo, akimtafuta aliye chini yake.

Je, hasira ya leo nayo ina sababu? Tunasema ndiyo, na asiyekubali jambo hilo hatawashawishi Wairlandi hata kidogo. Benki zao zilipoanguka mwaka 2008, ujenzi wa nyumba ulisimama karibu kabisa kwa miaka mingi. Mwaka 2010 nchi ililazimika kuokolewa kwa mkopo wa Ulaya na wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na vijana wengi wakaenda Australia na Kanada kama babu zao. Uchumi ulipoinuka tena kazi zilikuwa nyingi na nyumba zikawa chache mno. Kijana mwenye mshahara hulala chumbani kwa wazazi wake hadi kupita miaka 30. Mwaka 2025 watu zaidi ya 15,000 walikuwa wakiishi katika malazi ya dharura, na maelfu kati yao walikuwa watoto. Juu ya uhaba huo, tangu Februari 2022 walifika wakimbizi zaidi ya 100,000 kutoka Ukraine, na waombaji hifadhi kutoka nchi nyingine, zaidi ya 13,000 mwaka 2022, idadi ya namna hiyohiyo mwaka 2023, na zaidi ya 18,000 mwaka 2024. Serikali ikakodi hoteli. Fikirini kijiji chenye hoteli moja tu, ambapo watu hufanyia arusi zao na vijana hupata kazi. Siku moja wanasikia kwa uvumi kwamba imekodiwa, na hakuna kiongozi aliyekuja kuwaeleza. Malalamiko yao si ubaguzi. Mtu anayestahili kuheshimiwa hupewa habari kabla ya jambo kufanyika nyumbani kwake, na sisi tuliozoea kutangaziwa mambo yakiwa yamekwisha tunalijua vema.

Hata hivyo umaskini unaeleza kwa nini mtu ana hasira. Hauelezi kwa nini anachagua mlango fulani wa kuupiga mawe. Disemba 2023, katika kijiji cha Rosscahill upande wa Galway, hoteli iliyokuwa imetengwa kwa waombaji hifadhi ilichomwa kabla hawajafika. Moto ule haukuongeza kitanda hata kimoja katika nchi. Majira ya kuchipua ya 2024 wanaume waliokosa malazi walilala katika mahema kando ya ofisi ya kuomba hifadhi pale Mount Street, Dublin, chini ya mvua, na watu wakaja kuwapigia kelele. Asiye na nyumba alikuwa akimfokea mwingine asiye na nyumba, na waliofanya faida katika uhaba huo hawakuguswa. Ni New York ya 1863 tena, bila bandari.

Tuongeze dhuluma moja ambayo haitajwi sana. Tangu mwaka 2000 Irlandi iliwaweka waombaji hifadhi katika vituo vya pamoja, wengine kwa miaka mingi, na hadi 2018 hawakuwa na ruhusa ya kufanya kazi. Kisha wakalaumiwa kwamba wanakula bila kufanya kazi! Mfunge mtu miguu, halafu mcheke kwa kukaa.

Haki inatudai tuseme pia kwamba waliochoma si Irlandi yote, wala si nusu yake. Katika uchaguzi wa Bunge wa Novemba 2024, National Party na Irish Freedom Party, vyama vilivyofanya kupinga wageni kuwa wito wao mkuu, havikupata kiti hata kimoja. Katika mitaa mingi watu waliunda vikundi vya kuwapokea wageni, wakawafundisha Kiingereza na kuwapeleka watoto shuleni. Habari hizo hazipiti mkono kwa mkono chini ya mwembe.

Sasa tuje kwa lile lililotuumiza zaidi. Irlandi haikuwa mgeni kwetu Kongo. Roger Casement, mzaliwa wa Dublin, alipanda mto Kongo mwaka 1903, na ripoti yake ya 1904 ikaufunulia ulimwengu ukatili wa utawala wa Leopold na mpira wake. Baadaye alinyongwa London mwaka 1916 kwa kupigania uhuru wa nchi yake. Tarehe 8 Novemba 1960 askari 9 wa Irlandi wa Umoja wa Mataifa waliuawa Niemba, huko Tanganyika yetu, na mji wa Dublin ulifurika watu siku ya mazishi yao. Septemba 1961 kikosi kingine kilizingirwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, kikapigana siku kadhaa hadi kuishiwa risasi na maji. Zaidi ya hayo, mapadri na masista wa Irlandi walikwenda kwa wingi Nigeria, Kenya na Zambia. Na tangu 1973 maaskofu wao wana shirika la misaada, Trócaire, ambalo kila Kwaresima hugawa visanduku vidogo vya karatasi. Watoto huviweka nyumbani na kutia humo sarafu walizojinyima kwa ajili ya maskini wa mbali. Mara nyingi juu ya sanduku kuna picha ya mtoto au mama, na mara nyingi ni Mwafrika.

Sanduku lile ni jambo jema, na tumekula matunda yake. Lakini picha haina mahitaji mengi. Haisimami mbele yako katika foleni ya daktari, haipiki chakula chenye harufu ngeni, haiombi kiti cha mwanao darasani, haikujibu ukikosea. Mtoto wa kwenye sanduku akikua, akapanda ndege, akabisha mlangoni, huruma inapimwa kwa kipimo kingine. Wapo waliolijaza sanduku miaka 20 na kisha wakafunga mlango. Tusiwaite wanafiki upesi. Kumpenda aliye mbali ni hatua ya kwanza, na wengi wetu tumeishia hapohapo.

Kuhusu rangi, hatutaki kuzungukazunguka. Wako wanaosema kwamba mjadala wote ni wa nyumba na hospitali, na rangi haimo. Kama haimo, mbona anayeulizwa « unatoka wapi hasa? » si mtoto wa Mwingereza? Rhasidat Adeleke alizaliwa Dublin na wazazi Wanigeria, akakulia Tallaght. Mwaka 2024 alishinda medali za Ulaya pale Roma na kufika wa 4 katika mita 400 za Olimpiki ya Paris. Siku ya mbio nchi nzima humwita binti yetu. Mtoto Mweusi asiye na mbio, anayekwenda tu kununua mkate, ni binti wa nani? Itakumbukwa kwamba Juni 2004 Wairlandi walipiga kura, na asilimia 79 wakakubali kwamba kuzaliwa katika ardhi yao kusitoshe tena kumpa uraia mtoto wa wazazi wageni. Taifa lina uhuru wa kuweka sheria ya uraia, na hiyo haikukataza wazazi waliokaa nchini muda uliowekwa. Lakini tangu siku ile watoto wawili huweza kuzaliwa katika wodi moja, usiku mmoja, wakawa na mataifa tofauti.

Mama mmoja wa shirika letu ana mwana anayewaosha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee mjini humo. Usiku wa moto alimwandikia mama yake kwamba msimamizi amewaomba wafanyakazi wageni walale kazini wasipite barabarani, na kwamba bibi mmoja anayemhudumia alikuwa akiuliza kila saa kama mlango umefungwa. Bibi huyo aliwaogopa waliokuwa nje, watu wa lugha yake. Kijana mwenye rangi yetu alikuwa ndiye anayemshika mkono.

Kanisa linasema nini? Si kweli kwamba linaamuru mipaka ifutwe, wala si kweli kwamba limewaachia wanasiasa jambo hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2241, inafundisha kwamba mataifa yenye uwezo zaidi yana wajibu wa kumpokea, kadiri wanavyoweza, mtu anayetafuta usalama na riziki asivyoviona kwao. Inakubali kwamba mamlaka yaweza kuweka masharti kwa ajili ya manufaa ya wote. Na inamwambia mgeni naye: aheshimu urithi wa nchi iliyompokea, atii sheria zake, abebe sehemu ya mizigo yake. Vijana wanaoota safari wasome hasa mstari huo wa mwisho. Mwaka 1952 Papa Pio XII aliiweka Jamaa Takatifu iliyokimbilia Misri kuwa mfano wa wakimbizi wote, na Papa Fransisko alirudia mafundisho hayo mwaka 2020 katika barua yake Fratelli Tutti. Katika sura ya 25 ya Evanjili ya Matayo Bwana wetu hakuweka swali la makaratasi. Lakini pia hakusema kwamba kumpokea mgeni ni kazi ya serikali, nasi tubaki tukitazama.

Tunalisema hili kwa uchungu: katika maandamano ya kupinga wageni wapo wanaoinua misalaba na Rozari, wakidai kuitetea Irlandi ya Kikatoliki. Katika hesabu ya 2022 waliojiita Wakatoliki walikuwa asilimia 69, ilhali mwaka 2016 walikuwa 79. Hao walioondoka hawakufukuzwa na wageni. Kinyume chake, ingieni katika kanisa la Dublin siku ya Jumapili: katika viti mtawaona Wafilipino, Wahindi wa Kerala, Wapolandi, Wabrazili, Wanigeria na Wakongo, na si ajabu padri aliye altareni akawa Mwafrika. Hata Mtakatifu Patrisi hakuwa Mwirlandi. Alitekwa Uingereza akiwa kijana, akachunga mifugo ya bwana wake Mwirlandi miaka 6, akatoroka, kisha akarudi kwa hiari yake kuwahubiria waliomfanya mtumwa.

Hapa tungeweza kumaliza, tukiwa tumewahukumu Wairlandi kwa upole na kurudi nyumbani salama. Lakini tumeitaja Likasi.

Mwaka 1992 na 1993, sisi tulio na miaka hamsini na kitu leo tulikuwa vijana kama ninyi. Katika Likasi, Kolwezi na miji mingine ya Katanga, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika nyumba zao. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Babu zao waliletwa kufanya kazi ya reli na ya migodi. Waliitwa « bilulu », wadudu. Walikaa katika gare miezi mingi wakingojea treni, katika jua na mvua, na wengi walikufa pale na njiani, hasa watoto. Hakukuwa na Mzungu wa kumlaumu. Wafukuzaji na wafukuzwa walikuwa wamebatizwa katika visima vilevile, na sababu zilizotajwa zilikuwa kazi na nyumba.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi wa reli, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya. Hatukumtupia jiwe. Kabla hajaondoka alileta meza yake ya mbao ngumu, akataja bei, na nyumbani mwetu tukampa robo ya bei hiyo, kwa kuwa tulijua hana nafasi ya kubishana. Alipokea, akasema asante. Hatukumuuliza anakwenda wapi, maana hakupajua. Watoto wetu wote wamejifunzia kusoma na kuandika juu ya meza ile, na masomo mengi ya katekesi yametayarishwa juu yake, hata maandishi haya.

Kijana aliyeuliza « utafanya nini? » alistahili kujibiwa siku ileile, nasi hatukumjibu. Tumemwomba alete tena simu yake na video ile. Kwa kuwa ukumbi wa parokia unapakwa rangi, mkutano wa Jumapili ijayo utafanyika kwetu, na meza inatosha watu kumi na wawili.